Vigari vya chuma vya zamani kwenye kopo la biskuti: nivipige rangi kabla ya kuuza au niviache?

mkonge_junior (Tanga)

Habari za jioni wakuu. Naombeni mwongozo kwa wanaojua haya mambo maana mi ni mgeni kabisa. Wiki iliyopita tulikuwa tunahamisha vitu vya baba mdogo kwenye nyumba ya zamani huku njia ya Muheza, juu ya dari tukakuta kopo la biskuti la bati limefungwa kamba ya mkonge, kufungua ndani kuna vigari vidogo vya chuma, vile vizito, sio hivi vya plastiki vya sokoni. Babu alikuwa dereva kwenye shamba la mkonge enzi za wazungu, mashamba yalipotaifishwa 1967 meneja akafungasha na familia yake akaondoka, watoto wake wakamwachia baba mdogo hilo kopo, yeye alikuwa na miaka tisa hivi.

Vipo kumi na moja. Vingine havina hata matairi. Ila vinne vinaeleweka: kuna Volkswagen ile ya umbo la kobe, rangi yake kama chungwa lililoiva sana, juu ina keria na tairi la spea, mlangoni namba 18. Kuna Landrova ya kijani ndogo kuliko kidole gumba changu, juu imebeba mizigo ya kahawia. Kuna tipa ya Bedford, kichwa cha kijivu, nyuma nyekundu iliyoiva, imechubuka pembeni. Halafu kuna lori moja kubwa kidogo hilo limepasuka pasuka kama udongo wa kiangazi, ukilishika unahisi litavunjikia mkononi.

Sasa nikaweka picha kwenye stetasi, jamaa mmoja wa Arusha akanipigia hapo hapo, anataka vyote kwa elfu 30, anasema atatuma pesa leo leo. Hiyo haraka yake ndo imenishtua. Na huku mtaani fundi anayepiga rangi tenki za bodaboda ameniambia nimpe elfu 10 avipulizie vyote ving'ae, vitapata bei. Swali langu, je hiyo elfu 30 ni halali? Na nivipulize rangi kwanza? Mnajuaje thamani ya kitu kama hiki?

---

Chuma Chakavu

Mkuu, chuma chakavu kilo ni sh ngapi huko Tanga? Pima upate jibu 😂😂

---

Mzee wa Zamaki (Dar)

Huyo hapo juu msamehe, hajui kwamba hata kwenye mizani ya chuma chakavu hivyo vitakataliwa, maana si chuma. Chukua sumaku weka kwenye mwili wa hiyo Landrova, haitanasa. Ni mchanganyiko wa zinki, alumini, magnesi na shaba kidogo, unaitwa zamaki, wanauyeyusha wanausukuma kwenye kalibu kwa nguvu, ndo maana vina mistari midogo mpaka ya milango na bado ni vizito. Ikinasa ujue umeshika bati au ekseli.

Haya dogo, kwanza huyo fundi wa bodaboda mwambie asilisogelee hilo kopo. Nasema kwa uchungu kwa sababu yaliwahi kunikuta. Miaka ya nyuma niliagiza kigari kimoja mtandaoni kutoka kwa muuzaji fulani, picha inang'aa, maelezo yanasema hakijawahi kuguswa, nikatoa hela ambayo mama watoto hadi leo hajui ni ngapi, kufika nakigeuza chini naona rangi imepanda juu ya ribiti. Nikakaa kwenye kochi kama mtu aliyefiwa. Kiwandani mwili ulikuwa unapigwa rangi kwanza, halafu ndo ile nundu ya chuma iliyochomoza inapenya tundu la chasisi na kubondwa ipanuke ishike, kwa hiyo kichwa cha ribiti kinatakiwa kiwe cheupe, chuma kitupu. Ukikuta ribiti ina rangi, au ina alama ya dirili, au kuna skrubu pale, ujue kimeshafunguliwa na mtu. Angalia pia ncha za ekseli na ndani ya matundu ya matairi, mpuliziaji huwa anasahau huko.

Na hivi vigari havisomwi kuanzia juu, vinasomwa kuanzia chini. Kipindue. Niandikie hapa kila neno lililoko tumboni hata kama ni nusu neno. Hiyo Landrova na tipa nahisi chini utakuta jina Lesney. Hawa ni Waingereza wa London, Leslie Smith na Rodney Smith, majina yamefanana lakini si ndugu, walianza 1947, wakaungana na fundi mmoja anaitwa Jack Odell. Binti yake Odell shuleni walikuwa wanaruhusiwa kwenda na kitu kinachoingia kwenye kiberiti tu, baba mtu akamtengenezea kigreda kidogo cha shaba cha kushindilia barabara, darasa zima likataka. Ndo ikazaliwa Matchbox 1953, yaani kiberiti. Na ndo maana vipimo vyake vinachekesha, basi la abiria na pikipiki vinakaribia kulingana, kwa sababu kilichokuwa kinapimwa ni boksi, gari linapunguzwa mpaka liingie.

Lesney walifilisika 1982, baada ya hapo uzalishaji ukahamia Macau kisha China. Kwa hiyo kama chini imeandikwa Made in England by Lesney umeshajua uko kabla ya hapo, na ukikuta Macau au China usijidanganye ni ya mkoloni.

Halafu matairi. Hapa ndo watu wengi wanapoteza hela bila kujua. Vya mwanzo kabisa vilikuwa na magurudumu ya chuma, yakaja ya plastiki ya kijivu, yakaja meusi, halafu 1969 wakaleta yale membamba ya kasi yanayoitwa Superfast kwa sababu Mmarekani alikuwa ameshatoa Hot Wheels mwaka uliotangulia na watoto wote wamekimbilia huko. Gari ile ile, rangi ile ile, tofauti ni rangi ya gurudumu tu, na bei inaweza kutofautiana mara kadhaa. Sasa niambie, hiyo tipa yako magurudumu yake rangi gani? Usiniambie nyeusi kwa sababu ya uchafu, futa kidogo na kidole chenye mate uangalie.

---

mkonge_junior (Tanga)

Mzee shikamoo. Nimekaa kibarazani na tochi ya simu. Landrova imeandikwa LAND ROVER SAFARI na No 12 na MADE IN ENGLAND BY LESNEY. Tipa ina Lesney pia, No 3. Magurudumu... nimefuta, ni ya KIJIVU. Nilikuwa najua ni vumbi.

Volkswagen imeandikwa CORGI TOYS, VOLKSWAGEN 1200, MADE IN GT. BRITAIN. Ribiti zake nyeupe. Ila lile tairi la juu halizunguki, limegoma, sijui kama linatakiwa kuzunguka au mi ndo nalazimisha.

Lile lori bovu nimeweza kusoma Dinky tu, mengine yamekwisha.

---

nakuru254

WACHA! Usilazimishe hiyo tairi bana, tafadhali!!

Mi niko Nakuru na hiyo Volkswagen nimeitafuta tangu nianze hii kazi ya kuokota vigari kwa masoko ya Nairobi, Gikomba na Toi Market (Toi kama toy, jina lishasema lenyewe). Hiyo ni Corgi, kampuni nyingine ya vigari ya Uingereza, namba 256, walitoa 1965, Volkswagen ya East African Safari. Hii yetu! Ile spea ya juu si pambo, ndio usukani wake. Ukiizungusha polepole magurudumu ya mbele yanakata kona kushoto kulia. Yako imeshikwa na uchafu wa miaka hamsini na kitu. Chukua mafuta ya cherehani, yale mepesi, chovya ncha ya kijiti cha meno, weka tone moja tu mahali spea inaingia kwa paa, acha ilale usiku mzima, kesho jaribu kwa vidole viwili bila nguvu. Ikikataa rudia. Ukiivunja hakuna garage ya kuipeleka.

Sasa swali ya maana sana: KIFARU AKO WAPI? Hiyo gari iliuzwa na kifaru, mnyama mdogo wa kusimama kando yake. Angalia hilo kopo vizuri, kwa pembe, chini ya karatasi, hata kama amevunjika mguu.

Watu hapa wengi ni wadogo kwa hivyo niwaambie. Safari Rally, mbio zetu za magari, ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, iliitwa Coronation Safari, ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, matope mpaka kwa dirisha. Volkswagen kama hii ilitamba toka ile ya kwanza, ikashinda 1954, 1957 na 1962. Kwa hivyo Corgi hawakuota tu, waliona hiyo gari inawatesa watu wa magari makubwa huku kwetu. Na ukitaka kucheka, hao Lesney wa Mzee wa Zamaki pesa yao ya kwanza ya maana ilitoka kwa sherehe hiyo hiyo ya 1953, walitoa kigari kidogo cha farasi cha Malkia kikauza zaidi ya milioni moja. Malkia mmoja alitupatia rally na akawapatia wao kiwanda.

Mi nikipata Volvo PV544 ya Joginder Singh, ile alishinda nayo 1965, nitaweka kwa kabati ya vyombo na bibi atahamisha sahani. Lakini hiyo yako nayo si mchezo. Hata bila kifaru na bila boksi, elfu thelathini ya TZ kwa kopo lote ni matusi.

---

fundi_mpauko (Mwanza)

Naomba nipingane kidogo na wazee hapa. Kila siku usiguse, usiguse, usiguse. Sasa gari imechubuka mpaka inaonekana ina ukoma, nani ataiweka sebuleni? Mimi nafanya kazi ya kuvirudisha, nafungua ribiti kwa dirili ya mkono, nakiloweka kwenye dawa ya kutolea rangi, nakisugua mswaki, napiga praima ya kijivu nyepesi mara mbili halafu rangi, nabadilisha ekseli kwa spoku ya baiskeli nimeikata na kuibonda kichwa, kinatoka kama jana. Wateja wangu wananipa kazi wanalia kwa furaha, mmoja alinipa Landrova ya utotoni aliyoikuta haina hata dirisha. Chuma ni cha kutumika. Hivi vitu vilitengenezwa watoto wacheze navyo, havikutengenezwa vikae kwenye boksi na vipakti vya silika vya kunyonya unyevu kama dawa za kulevya.

---

Mzee wa Zamaki (Dar)

Fundi hakuna aliyesema kazi yako mbaya, ile tanka uliyoweka picha mwezi uliopita ni safi, tena spoku ya baiskeli ni akili, hiyo nimeiba. Ila tofautisha. Cha kwako mwenyewe unachokipenda, kipake hata rangi ya kucha. Anayenunua kwa ajili ya kukusanya ananunua rangi ile ile iliyotoka kiwandani, hata ikiwa imebaki nusu. Mchubuko wa mtoto wa meneja wa mkonge ni mchubuko halali, una umri wake. Na ukishatoa rangi hairudi tena, hapo ndo tofauti ilipo, mi naweza kuchelewa kupaka miaka ishirini na bado nikapaka, wewe huwezi kuchelewa kutoa.

Ninachoomba tu ni kwamba mtu akiuza cha kupakwa aseme kimepakwa. Yule aliyeniuzia mimi angesema ningelipa robo na tungebaki marafiki.

Junior fanya hivi: vile visivyo na matairi mpe Fundi ajifurahishe. Vinne usiguse.

---

fundi_mpauko (Mwanza)

Nitumie hata leo, nauli ya basi nalipa mimi 😅

---

shangazi_Leicester

Salaam wanangu. Nimechelewa maana huku tulikuwa kazini. Naishi Leicester, Uingereza, mwaka wa ishirini sasa na mume wangu ni mgonjwa wa haya mambo, kila Jumapili asubuhi baridi inauma tunaenda kwenye viwanja watu wanauzia vitu vyao kwenye buti la gari, yeye anachuchumaa kwenye maboksi mimi natafuta masufuria. Kwa hiyo nimejifunza kwa kulazimishwa.

Niongelee lile lori lililopasuka maana naona mnaliruka. Junior, hiyo nyufa si kwa sababu lilianguka. Hilo ni ugonjwa wa zinki. Dinky walikuwa Liverpool, kampuni ya Meccano, walianza kutumia hilo jina 1934, na vya kabla ya vita vingi vina hii shida kwa sababu zinki ilichafuliwa na risasi kidogo tu (yale madini, sio ya bunduki), kipande cha risasi kimeingia kwenye chungu cha kuyeyushia. Haionekani mwanzoni. Miaka inapita chuma kinaanza kuoza kutoka ndani, kinavimba, kinapinda, kinapasuka kama mkate mkavu. Haina dawa. Usipake gundi, usipake vanishi, hata ukilifunika kwa dhahabu litaendelea. Unyevu unaharakisha, na nyie Tanga mpo juu ya bahari. Liweke kwenye boksi lake peke yake juu ya pamba, usilibebe kwa mwili, liinue kwa chini na viganja viwili. Wengine watakuambia linaambukiza mengine, si kweli, kila kigari kilizaliwa na ugonjwa wake au bila.

Ukiona lori lina nyufa hivyo basi kuna uwezekano mkubwa ni la miaka ya thelathini, yaani yule mtoto wa meneja naye alirithi kwa baba yake. Bei halina, ila mimi nisingelitupa.

Vile vizima vioshe kama unaosha kikombe cha kaure cha bibi. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, dakika moja basi. Kama kuna stika ya karatasi usiilowanishe, tumia vijiti vya pamba kuzunguka. Hiyo namba 18 mlangoni usiisugue. Usitumie jiki, usitumie thina, usitumie dawa ya meno, kuna mtu alitumia dawa ya meno akatoa rangi na jina la kampuni kwa pamoja. Kausha kwa kitambaa halafu kivulini. Vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vimeandikwa usile, usivitupe, weka viwili kwenye kopo.

Kuhusu bei. Bei sio ile muuzaji aliyoandika. Huku mtu anaandika pauni 200 kigari kinakaa mwaka mzima. Kwenye minada ya mtandaoni kuna sehemu ya kuchuja vilivyokwisha kuuzwa, hapo ndo unaona mtu alitoa sh ngapi kweli mfukoni. Angalia vitano sita vinavyofanana na chako, kwa michubuko ya aina ile ile, usiangalie cha boksi safi ukajilinganisha. Boksi peke yake wakati mwingine linafika bei ya gari, mume wangu amewahi kununua boksi TUPU, nikamuuliza humo utaweka akili zako? Na maboksi yanachapwa upya siku hizi, ukiona kadibodi jeupe mno kwa ndani na picha ina vidoti vidoti kama ya printa, achana nalo. Hata vipuri vya kuiga vinauzwa, matairi, vioo, wanyama. Kwa hiyo huyo kifaru mkimpata, hakikisheni ni wenu.

---

Dogo Hotwili (Moro)

Nami niulize hapo hapo wakubwa. Nina Hot Wheels mbili nimenunua supamaketi mwaka jana, chini imeandikwa 1983. Nimepiga bingo au??

---

Mzee wa Zamaki (Dar)

Hapana mwanangu. Huo ni mwaka wa haki ya umbo, siku walipochonga kalibu, kalibu moja inaweza kufanya kazi miaka arobaini na mwaka wa tumboni haubadiliki. Angalia pembeni hapo hapo chini, kuna kikodi kidogo kimepigwa, herufi moja na namba mbili. Herufi ni mwaka, walianza na A mwaka 2008, namba ni wiki. Hiyo ndo tarehe yake ya kuzaliwa.

Za kutafuta kwenye Hot Wheels za supamaketi ni zile zenye alama ndogo ya moto ndani ya duara kwenye mwili, walianza huo mchezo wa kuficha 1995. Yenye rangi ya kumetameta kama pipi na matairi ya mpira halisi hiyo ndo kubwa yao, ila wafanyakazi wa maghala dunia nzima nao wanajua, usikeshe mlangoni. Na za zamani ni zile zenye mstari mwekundu kwenye tairi, kuanzia 1968 mpaka 1977. Kuna kombi moja ya Volkswagen ya 1969, ya majaribio, mbao za kuchezea mawimbi zimechomekwa dirisha la nyuma, walipojaribu ikaonekana nyembamba mno haiendi vizuri kwenye mashine yao ya kurusha magari, wakaichonga upya mbao zikakaa pembeni. Zile chache zilizobaki, ya pinki hasa, hiyo bei yake unanunua kombi ya kweli na dereva wake.

---

Dogo Hotwili (Moro)

Daah. Haya nimempa mdogo wangu acheze

---

nakuru254

@Dogo umefanya vizuri zaidi ya sisi wote.

@Junior spea imezunguka ama bado?

---

mkonge_junior (Tanga)

Wakuu IMEZUNGUKA. Tone la kwanza haikufanya kitu, la pili asubuhi nikasikia kama mchanga unasagika, halafu ikaachia. Nimekaa mezani nusu saa nazungusha tu, kulia, kushoto, mke wangu akaja akasimama mlangoni akaondoka bila kusema neno.

Nimeviosha kama shangazi alivyosema. Landrova ina mchubuko wa mlango mmoja tu. Kwa hiyo ya kijani ni ya kawaida au?

---

Mzee wa Zamaki (Dar)

Landrova hiyo walianza na kijani 1965, ikaja bluu, halafu Superfast ilipoingia wakaitoa ya dhahabu. Ya kijani ipo ya kutosha, ni nzuri, usiihesabie nyumba. Cha kuangalia ni mzigo wa juu, huo wa kahawia, mara nyingi umepotea au umebandikwa wa kuiga. Wako ukiwa umekaa bila gundi, safi.

Mi tipa ndo inanikosesha usingizi. Walianza nayo 1961, ya magurudumu ya kijivu ni ya mapema, wanaitafuta kuliko ya meusi. Fungua bodi ya nyuma juu, inatakiwa iinuke na ibaki hapo hapo. Na hiyo nyekundu iliyoiva unayosema, ni kama damu au kama zambarau iliyoiva? Maana zipo nyekundu na zipo zile za kuelekea damu ya mzee. Piga picha nje, asubuhi, bila flashi, juu ya karatasi nyeupe. Flashi inadanganya rangi kuliko dalali.

Jamaa wa Arusha amesemaje?

---

mkonge_junior (Tanga)

Kapiga tena mara tatu. Mara ya kwanza elfu 50, ya pili 80, leo asubuhi kafika laki na nusu na anasema anakuja mwenyewe na pikipiki. Hajauliza Landrova hata kidogo. Anauliza tu "ile kobe na ile tipa chafu bado zipo?" Nikamuuliza mbona mwanzo ulisema unataka vyote vya mtoto wako? Akakata simu.

Tipa inainuka na inabaki juu. Rangi ni ya zambarau, picha naleta kesho kukicha.

---

shangazi_Leicester

Hajauliza Landrova. Hahaaa, huyo mtoto wake anajua kuchagua.

Usimuuzie kwa simu mwanangu. Akija aje mchana, wewe uwe umeshaangalia vilivyouzwa, na vile vinne usivitoe vyote mezani kwa pamoja.

---

fundi_mpauko (Mwanza)

Na vile vibovu vyangu usimpe hata kama ataongeza!! Tulishakubaliana

---

mkonge_junior (Tanga)

Viko kwenye bahasha Fundi, Ijumaa vinapanda basi.

Ila kuna jipya limetokea. Jana nilienda kumwonyesha baba mdogo ile Volkswagen inavyokata kona. Mzee ana miaka sitini na sita, haongei sana siku hizi. Akaichukua, akaipindua chini kwanza (Mzee wa Zamaki ungefurahi), akaizungusha spea kwa kidole kimoja, akaniambia yule kifaru alikuwepo. Alibadilishana na mtoto wa jirani mwaka 1971, yeye akapewa gololi ishirini na manati. Nikamuuliza huyo jirani yuko wapi, akasema yupo Muheza pale pale, ana duka la vipuri vya baiskeli, na hawajasemeshana tangu siku ile kwa sababu gololi zilikuwa kumi na saba.

Kwa hiyo jamaa wa Arusha nimemwambia asubiri. Jumamosi tunaenda Muheza, baba mdogo amesema anabeba gololi.